Swali la Samli

Jina la nchi yetu sitalitaja. Siogopi, maana kwetu hakuna anayeogopa, na takwimu za kuthibitisha zipo. Ni kwamba jina lenyewe lilichukuliwa na kamati likafanyiwe maboresho, na mpaka leo halijarudi. Itoshe kusema kwamba tuna bendera, tuna wimbo wa taifa wenye beti nyingi, na tuna Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Mheshimiwa Mwenyewe, ambapo hutua ndege moja kila Jumatano, ikiwa ng'ombe wamekubali kuondoka njiani.

Kwa kiwanja cha ndege moja, ulinzi wetu ni wa kupigiwa mfano. Ipo mashine ya kupitishia mizigo, lipo lango la kupitishia watu, na katikati wamo maafisa wengi kuliko abiria. Zamani watu walinung'unika. Walitaka kujua kwa nini wavue mikanda hali suruali zenyewe ni za kuazima. Kwa nini maji yao ya chupa hunyang'anywa mlangoni kisha wakayakuta yanauzwa kantini upande wa pili. Kwa nini lango humlilia bibi kwa sababu ya hereni lakini humnyamazia mbunge mwenye sanduku la chuma. Serikali yetu ni sikivu. Ilisikia, ikafungua Dawati la Maswali ya Wasafiri, na juu yake, karibu kabisa na dari, ikatundika bango: ULIZA, NI HAKI YAKO. Chini ya maneno hayo palikuwa na mengine madogo kama sisimizi, ambayo hakuna aliyewahi kuyasoma, kwa kuwa hakuna mwenye shingo ya kufika huko.

Dawati lilikaa muda mrefu bila swali hata moja. Serikali ikatangaza redioni kwamba wananchi wameridhika.

Nami nilikuwepo siku lilipoulizwa swali la kwanza. Nilikuwa nakwenda kumwona binti yangu ughaibuni, na mbele yangu kwenye foleni alisimama Bi Sikudhani, mshona nguo, mjane, mtu mzima mwenye sauti ya upole ya mwanamke aliyezoea kuwapima watu viuno bila kuwatia aibu. Hakuwahi kupanda ndege. Tulisimama muda wa kutosha kufahamiana, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja peku. Utaratibu unasema msafiri avue viatu kabla ya kupita langoni, na mzee hakuwa na cha kuvua. Maafisa walishauriana. Mwishowe walimwazima kandambili, akazivaa, akazivua, akapita. Zikarudishwa kabatini kwa ajili ya mwingine wa namna yake.

Katika kungoja huko Bi Sikudhani alinieleza safari yake. Mdogo wake, Mwanahawa, aliolewa nchi ya baridi miaka mingi iliyopita, na sasa alikuwa mgonjwa. Ijumaa angepasuliwa. Madaktari wa huko walitaka ale apate nguvu, lakini chakula kilikuwa hakipiti. Mwanahawa alisema kwenye simu kwamba kitu kimoja tu anachoweza kukimeza ni kitu chenye samli ya nyumbani. Basi Bi Sikudhani akanunua maziwa, akayaengua, akachemsha samli kwa mkono wake hadi ikatoa harufu ya kuwaita majirani, akaijaza kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amelipakata kopo hilo kama mtoto aliyelala.

Akaniuliza kama wataliruhusu. Nikamwambia sijui, na kwa kuwa mimi ni raia mwema, nikamwonyesha bango.

Aliyekaa kwenye dawati alikuwa Koplo Mashauri, kijana mrefu mwenye macho yaliyochoka. Alipomwona mtu anakuja moja kwa moja kwake, alitazama nyuma kuona kama kuna mwingine anayefuatwa. Bi Sikudhani akamsalimu kwa heshima, akasema ana swali.

Koplo akashusha sauti. "Mama, una hakika ni swali? Linaweza kuwa maoni tu. Maoni hayana utaratibu."

"Ni swali, mwanangu. Nataka kujua kama samli inaruhusiwa kuingia ndani ya ndege."

Koplo Mashauri alishusha pumzi, akavaa kofia yake, na kwa kufanya hivyo swali likawa rasmi.

Sheria ya kiwanja ilikuwa wazi: vimiminika marufuku, vitu vigumu ruksa. Koplo akafungua kopo. Joto la asubuhi lilikuwa limeshaingia. Juu samli ilikuwa imeyeyuka, chini imeganda, na katikati ilikuwa haijaamua. Koplo akalitazama kopo, akamtazama mama, akasema kwamba kwa cheo chake anaweza kuamua juu au chini, lakini si katikati. Akamwita Mkuu wa Ulinzi wa kiwanja.

Mkuu huyo alikuwa Kanali mstaafu Mtunguja, mtu wa kifua kipana aliyestaafu mara kadhaa na kila mara akapewa kazi kubwa zaidi. Alikuja na kitabu cha sheria chini ya kwapa, akatusomea kwamba kimiminika ni kitu chochote kinachochukua umbo la chombo kilichowekwa ndani yake. Abiria mmoja, ambaye sikumwona vizuri na hata ningemwona nisingemtaja, alinong'ona kwamba kwa maana hiyo wabunge wetu wote ni vimiminika. Kanali hakusikia, au alisikia akaona ni sifa.

Akaamuru kopo lipelekwe ukumbi wa watu mashuhuri, mahali pekee penye kiyoyozi kinachofanya kazi, ili samli itulie. Samli ikatulia, ikaganda vizuri kabisa, ikapewa ruhusa. Koplo akalibeba kopo kurudi kwenye mashine ya mizigo. Kufika pale, kwenye joto, ikayeyuka, ikanyimwa ruhusa. Ikarudishwa ukumbini. Safari hizo zilirudiwa mpaka soli za Koplo zikaanza kutoa sauti, na kila alipopita abiria waligeuza vichwa pamoja kama watu wanaotazama mpira.

Bi Sikudhani hakuwa mtu wa kusumbua watu. Alimwendea Kanali akamwambia kwamba basi, heri aliache kopo hapo hapo, apande ndege, atamweleza mdogo wake. Kanali akamweleza kwa upole kwamba mzigo unaoachwa kiwanjani ni tishio kwa taifa, na anayeuacha hufungwa. Mama akasema kama ni hivyo, analiondoa swali. Kanali akatabasamu kama mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito. Swali likishaulizwa, alisema, ni mali ya serikali.

Hapo ndipo alipowasili Waziri wa Anga, Ardhi na Vilivyo Katikati. Alikuwa anasafiri kwa ndege yetu hiyo hiyo, kwenda kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu kupunguza foleni. Alitupita sote, akaingia langoni na viatu vyake, mkanda wake, na vijana waliobeba maboksi yaliyofungwa kamba. Lango likalia. Kwa kuwa lilikuwa limelia mbele ya Waziri, likazimwa papo hapo kwa utovu wa nidhamu, na tangu wakati huo tulikaguliwa kwa kupapaswa.

Waziri aliposikia habari za samli alisimama. Nadhani kwa moyo wake wote aliona neema. Aliomba kipaza sauti, akahutubia ukumbi mzima.

"Ndugu zangu, samli ni nini? Narudia: samli ni nini? Nchi isiyojua hali ya samli yake haiwezi kujua hali yake yenyewe."

Tukapiga makofi, kwa sababu maafisa walikuwa wameanza. Papo hapo ikaundwa Kamati ya Dharura ya Kubaini Hali ya Samli, Waziri akiwa mwenyekiti na Kanali akiwa katibu, na wajumbe wengine wakapatikana haraka mno, kama wanavyopatikana siku zote panapotajwa posho. Wakaingia ukumbi wa watu mashuhuri, mlango ukafungwa, nasi tukakaa sakafuni.

Habari za ndani zilitufikia kwa vipande, kupitia Koplo Mashauri aliyekuwa akipeleka chai. Kamati ilikuwa na shida kubwa: kila ilipolitazama kopo, samli ilikuwa ngumu, kwa sababu kamati yenyewe ilikaa kwenye baridi. Walipoletewa taarifa kwamba nje inayeyuka walisema huo ni uzushi. Mjumbe mmoja alipendekeza nchi nzima ipoozwe. Hoja ikaahirishwa hadi bajeti ijayo. Mwingine alitaka kujua ng'ombe aliyetoa maziwa ana msimamo gani.

Rubani, ambaye ni mgeni na hajui mila zetu, alituma ujumbe kwamba ataondoka alasiri, Waziri awemo asiwemo. Waziri akamjibu kwamba ngazi ya kupandia ndege ni mali ya serikali. Hata hivyo, kwa kuwa mkutano wa foleni ulikuwa na dhifa ya ufunguzi, alikubali wakati huo uzingatiwe. Kanali akatoka kututangazia: abiria wote wataondoka alasiri, isipokuwa mwenye swali. Mwenye swali atasubiri jibu lake, na jibu likipatikana atapanda ndege ya Jumatano ijayo.

Watu wakajifanya wanatafuta vitu mifukoni. Bi Sikudhani alikaa kando yangu, mikono mitupu mapajani, kwa kuwa kopo halikuwa lake tena. Hakulia wala hakulalamika. Kisha alisema, akiitazama ndege kupitia kioo chenye vumbi, "Kaka yangu, Mwanahawa anapasuliwa Ijumaa."

Nilitaka kumwambia serikali inajua inachofanya, kama ninavyowaambia watu wote. Badala yake nikamgawia karanga zangu, akazishika bila kuzila.

Mchana kamati iliona njaa. Kabla ya kuahirisha kikao ilitoa azimio lake la kwanza la maana: kielelezo, yaani samli, kipelekwe jikoni kantini kikapashwe moto chini ya uangalizi, ili wajumbe wakienda kula washuhudie kwa macho yao kama kweli kinayeyuka. Koplo Mashauri akapewa kopo. Bi Sikudhani akatakiwa aambatane nacho, kwa kuwa sheria inataka mwenye mali awepo mali yake inapoteswa. Nami nikaenda nao, maana jikoni kulikuwa na benchi, na sakafu ilikuwa imenichosha mgongo.

Mwenye kantini, Mama Bupe, alikuwa amekwisha kanda unga wa chapati za wajumbe, donge kubwa limekaa kwenye sinia, limefunikwa kitambaa. Alilalamika kwamba mafuta yamemwishia, na kamati inataka kula sasa hivi. Koplo akaweka kopo mezani, akasimama wima kando yake.

Bi Sikudhani alilitazama lile donge. Kisha akalitazama kopo. Nilimwona usoni mabadiliko madogo, kama mtu aliyekuwa anatafuta uzi wa rangi fulani na mara akauona.

"Mwanangu," alimwambia Koplo, "umeambiwa uipashe moto samli hii?"

"Ndiyo, mama."

"Umeambiwa uipashe ikiwa peke yake, au na kitu kingine?"

Koplo Mashauri alifikiri. Alikuwa kijana wa kazi, amefundishwa kufuata amri jinsi ilivyo, asiongeze wala asipunguze. Alisema hakuambiwa neno lolote juu ya hilo. Halafu akageukia ukutani, akaanza kusoma tangazo la kunawa mikono, na akalisoma kwa makini ya mtu anayesoma wosia.

Bi Sikudhani akajitanda khanga yake vizuri, akanawa, akachota samli. Mama Bupe hakuuliza kitu. Alisogeza kibao na mti wa kusukumia, akachochea jiko. Wanawake hao wawili, ambao asubuhi hiyo hawakuwa wakijuana, walifanya kazi kama mkono wa kulia na wa kushoto. Mmoja alisukuma, akapaka, akakunja, akasukuma tena; mwingine akageuza kwenye chuma. Harufu ikatoka jikoni, ikaingia ukumbini, ikawakuta abiria waliokuwa wamelala kwenye mizigo yao, wakaamka mmoja mmoja wasijue kilichowaamsha. Bi Sikudhani hakuacha samli hata ya kulambisha mtoto. Alipangusa kopo kwa donge la mwisho, ndani kukang'aa.

Kamati ilipokuja, Kanali aliliinua kopo, akaligeuza chini juu, akauliza kielelezo kiko wapi.

Koplo Mashauri alipiga saluti. Akaripoti kwamba kielelezo kimepashwa moto kama ilivyoamriwa.

Kanali akatazama rundo la chapati, akaelewa, na shingo yake ikavimba. Alianza kutaja makosa: kuharibu ushahidi, kubadili hali ya kitu kilicho chini ya uchunguzi, kupika katika eneo la ulinzi. Bi Sikudhani alisimama mbele yake na unga mikononi. Nilimwona ameshika ukingo wa meza. Lakini hakuinamisha macho.

"Afande," alisema, "mlitaka kujua kama ni maji au ni ngumu. Shika moja uone."

Kanali hakushika. Aliyeshika ni Waziri. Nataka ieleweke kwamba Waziri wetu ni mtu wa maono, lakini siku hiyo pia alikuwa mtu mwenye njaa. Alikunja chapati, akaitafuna, akafumba macho, na kwa muda mfupi alionekana kama mtoto wa mtu. Akala ya pili. Kisha akapangusa midomo, akarudi kuwa Waziri.

Akatangaza kwamba Kamati imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa. Serikali, alisema, imeweza kugeuza kimiminika kuwa kitu kigumu kwa kutumia wataalamu wa ndani, bila msaada wa nje, na nchi jirani zinakaribishwa kuja kujifunza. Chapati ni chapati. Zisafiri. Tukapiga makofi, na safari hii hakuna aliyesubiri maafisa waanze.

Zilisafiri, lakini si zote. Kila mjumbe alichukua sampuli kwa ajili ya kumbukumbu. Wapapasaji walichukua sampuli ya kupapasa. Kwenye mlango wa kutokea uwanjani kulikuwa na afisa ambaye kazi yake haikujulikana, naye akachukua. Bi Sikudhani hakubishana na yeyote. Alipofika kwa Koplo Mashauri alimpa mwenyewe, bila kuombwa. Koplo alikataa, akatazama huku na huku, kisha akavua kofia, akaitia chapati ndani, akaivaa tena.

Tukapanda ngazi ya serikali, ndege ikaruka. Waziri alikaa mbele akasinzia. Kwa sababu ya kuchelewa tuliikosa ndege ya kuunganisha, tukalala mji wa watu kwenye viti, na Bi Sikudhani alikumbatia furushi lake mpaka asubuhi.

Niliporudi nyumbani baada ya miezi kadhaa, nilikuta mabadiliko. Kopo tupu limewekwa kwenye kabati la kioo, na wageni wa serikali hupelekwa kulitazama. Kanali Mtunguja amestaafu tena, sasa ni balozi. Dawati la Maswali limeondolewa, maana ripoti ya Waziri ilionyesha kwamba maswali yote yameshajibiwa. Nilimuulizia Koplo Mashauri, wakaniambia amehamishiwa kulinda daraja la kaskazini. Daraja lenyewe halijajengwa, ila amri ya kulilinda imeshatoka, naye yuko huko, amesimama kwenye ukingo wa mto.

Yaliyotokea hospitali alinisimulia Bi Sikudhani mwenyewe, siku niliyompelekea suruali ya kupunguza kiuno. Alifika Alhamisi mchana, badala ya Jumatano jioni. Mwanahawa alikuwa amelala upande, amekonda, hataki uji wala supu. Bi Sikudhani alifungua furushi, akakata kipande cha chapati, akampa. Mgonjwa akakinusa kwanza. Akakitia kinywani, akatafuna polepole, akameza, akanyoosha mkono aongezwe. Alikula mpaka nesi akaja kuangalia. Kesho yake akapasuliwa, na akaamka.

Lakini siku ile, alipokuwa bado anatafuna, Mwanahawa alisema chapati ni ngumu. Kisha akamuuliza dada yake kwa nini amechelewa hivyo. Walimtazamia tangu jana.

"Niliuliza swali," akajibu Bi Sikudhani.

Mwanahawa naye alizaliwa kwetu. Alimtazama dada yake kwa muda, akampisha kidogo kitandani ili akae, na hakuuliza tena.